Mhadhara Mfupi wa Mwanachuoni kwa Umma: Mfano wa Ali Mazrui

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanachuoni anavyoweza kuwafikishia utafiti wake watu wasio wataalamu kwa muda mfupi, na nafasi ya lugha katika kazi hiyo. Mfano utakaozingatiwa ni mihadhara ya redio iliyotolewa na Profesa Ali Mazrui mwaka 1979.

Mihadhara hiyo, iitwayo Mihadhara ya Reith, ilianzishwa na BBC ya Uingereza mwaka 1948, na mhadhiri wa kwanza alikuwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Mazrui, mzaliwa wa Mombasa ambaye wakati huo alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, alitoa mihadhara sita juu ya hali ya Afrika, kila mmoja wa takriban nusu saa. Ilichapishwa kuwa kitabu, The African Condition, mwaka 1980.

Msomaji wa tasnifu huweza kurudi nyuma akasoma tena. Msikilizaji wa redio hana nafasi hiyo. Neno likimpita, limempita. Jedwali halisikiki, wala tanbihi. Kwa hiyo mhadhara mfupi si mhadhara mrefu uliopunguzwa, bali ni utungo wa aina nyingine wenye kanuni zake.

Kanuni aliyoifuata Mazrui ilikuwa kuujenga kila mhadhara juu ya ukinzani mmoja. Bara lililo chimbuko la binadamu ndilo lililochelewa kuwa makao mema kwa mahitaji ya siku hizi. Bara lenye utajiri mwingi wa maliasili ndilo lililo nyuma kimaendeleo. Bara lililo katikati ya dunia kijiografia limewekwa pembezoni kisiasa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua umbo hili mara moja, kwani ndilo la kitendawili: mambo mawili yasiyopatana huwekwa pamoja, na msikilizaji hatulii mpaka fumbo lifumbuliwe. Si lazima kudai kwamba Mazrui aliiga kitendawili. Inatosha kuona kwamba hila ni moja. Tofauti nayo ipo. Mtegaji wa kitendawili hujibiwa "Tega!", na hadhira ikishindwa humpa mji. Mhadhiri wa redio hajibiwi wala hapewi mji. Hana budi kulifumbua fumbo mwenyewe kabla ya saa yake kwisha.

Mihadhara hiyo ilitolewa kwa Kiingereza, wala si ajabu, kwani ilikusudiwa kwanza wasikilizaji wa Uingereza. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaeleza watu wa mji wake kwa Kiswahili mambo ya dini, elimu na maisha ya jamii. Baba alisema na baraza. Mwana alisema na dunia. Suala linalobaki ni kwa nini elimu ya aina ya mwana haijawa desturi katika lugha ya baba.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni uhaba wa istilahi. Hoja hiyo ina ukweli wake katika baadhi ya taaluma, lakini haitoshi. Kinzani tatu zilizotajwa hapo juu zimeelezwa bila kuhitaji istilahi mpya hata moja: chimbuko, maliasili na pembezoni ni maneno yanayoeleweka. Kinachokosekana zaidi ni mazoea, pamoja na heshima. Makala ya jarida humpa mtaalamu sifa miongoni mwa wenzake ambayo mazungumzo ya redioni hayampi.

Jirani akimwuliza mtafiti barazani, "Umegundua nini, mwalimu?", naye akashindwa kumjibu kwa Kiswahili, itafaa achunguze kwanza kama upungufu ni wa lugha, au ni wa yeye mwenyewe kutolielewa vyema jambo lake.