Unaijua dini, lakini je, unaiamini?

JUMAPILI moja asubuhi, majira ya saa mbili hivi, ukimya wa ploti yetu katika mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi ulivunjwa na sauti ya mama jirani yangu.

"Si wewe uliyepata A ya somo la dini muhula uliopita?" alimfokea mwanawe wa kidato cha tatu, ambaye bado alikuwa amejifunika blanketi gubigubi. "Leo waniambia huendi kanisani?"

Kijana alijibu kwa upole uliomkera mama yake zaidi: "Mama, mwalimu aliniuliza ninajua nini. Hakuniuliza ninaamini nini."

Sisi tuliokuwa nje tukifua nguo tuliangua kicheko. Mama yule hakucheka. Nami, kadiri nilivyozidi kulitafakari jibu lile, ndivyo kicheko changu kilivyozidi kunikauka mdomoni.

Mpenzi msomaji, huenda hata nyumbani kwako yumo mtu wa aina hii. Huenda ni wewe mwenyewe. Wazijua Amri Kumi kwa mpangilio wake, au wazihesabu nguzo tano za Uislamu bila kukwama. Wajua siku ya kufunga na siku ya kufungulia. Lakini usiku ule daktari anapokuita kando akueleze habari za mgonjwa wako, unapapasa ndani ya moyo ukitafuta kitu cha kushikilia, na unachokipata ni maneno matupu uliyokariri shuleni.

Nchini Kenya, dini ni somo kama hesabu na jiografia. Mkristo ana silabasi yake, Mwislamu ana yake na Mhindu ana yake, na mtahini wa KCSE husahihisha karatasi, hasahihishi moyo. Si ajabu kumpata mwanafunzi Mwislamu aliyefanya mtihani wa dini ya Kikristo kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu wa dini ya Kiislamu, akapita vizuri kuwashinda watoto wa wachungaji, kisha akarudi nyumbani na kuendelea na swala zake tano. Alijua kila kitu kilichohitajika. Hakuamini, wala hakuna aliyemtaka aamini.

Je, tofauti ya mambo haya mawili ni ipi hasa?

Kiswahili chatupa fununu

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Neno 'kujua' lahusu yale yaliyomo kichwani: ujuzi, maarifa, habari. Lakini neno 'kuamini' lina jamaa wengi ambao si wa kichwani. Limetoka katika Kiarabu pamoja na amana, kile kitu unachokabidhiwa ukitunze, na uaminifu, ile tabia inayomfanya mtu akukabidhi mali yake bila wasiwasi. Hata amani ni ya ukoo huo huo.

Isitoshe, Waswahili wamelipa neno imani maana nyingine kabisa. Husikii watu wakisema kwamba fulani hana imani, wakimaanisha kuwa ni katili asiyewahurumia wenzake? Mtu huyo yamkini anaswali na kufunga. Lakini kwa mujibu wa lugha, aliyekosa huruma amekosa imani.

Basi kuamini si kukubali tu kwamba jambo fulani ni kweli. Ni kujikabidhi. Tazama mvutaji sigara. Anajua kwamba sigara inaua. Onyo limeandikwa kwenye pakiti anayoifungua kila asubuhi. Muulize, atakueleza habari za saratani ya mapafu kuliko unavyozijua wewe. Kisha atawasha nyingine. Sasa mtazame abiria apandaye matatu ya kwenda Nakuru. Hajui lolote kuhusu breki za gari lile wala hajawahi kumwona dereva. Lakini ameketi, amelipa nauli na amelala usingizi. Wa kwanza anajua bila kuamini. Wa pili ameamini bila kujua.

Dini zetu zimeliona jambo hili tangu kale. Katika Agano Jipya, Yakobo anawakumbusha Wakristo kwamba hata mashetani wanakubali kuwa Mungu ni mmoja, na hilo haliwasaidii kitu ila kuwatetemesha. Katika Kurani, Ibilisi anazungumza na Mola wake na kukiri kwamba ndiye aliyemuumba kwa moto. Hakupungukiwa na elimu hata kidogo. Kilichomshinda ni kutii.

Mwalimu aliyepoteza sauti

Pengine hakuna aliyeionja tofauti hii kwa uchungu kama Imamu Al-Ghazali. Alizaliwa mwaka wa 1058 huko Tus, katika nchi ambayo leo ni Iran. Kufikia mwaka wa 1091, akiwa na umri wa miaka kama 33 tu, alikuwa amepewa kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad. Wanafunzi walimjia kwa mamia. Watawala walimheshimu. Katika elimu ya dini, nani angemfundisha nini?

Lakini ndani kwa ndani mtu huyu alikuwa akizama. Katika kitabu alichoandika baadaye kuhusu maisha yake, Al-Munqidh min al-Dalal, anasimulia jinsi alivyoanza kujiuliza kama alikuwa na hakika ya jambo lolote. Alipoichunguza nia yake ya kufundisha, aliona kwamba hakuwa akimtafuta Mungu bali cheo na sifa. Kwa muda wa miezi kama sita alivutwa huku na huku, leo akiazimia kuondoka, kesho akighairi. Hatimaye, mwaka wa 1095, ulimi wake ulifungwa. Alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno. Chakula hakikupita kooni. Matabibu walimpima wakasema ugonjwa ulikuwa wa moyoni, wala hawakuwa na dawa ya kumpa.

Al-Ghazali aligawa mali yake, akabakiza tu ya kuwakimu watoto wake, akaondoka Baghdad. Alikwenda Sham, akapitia Jerusalemu na kuhiji Makka. Alikaa mbali na kiti kile cha ualimu kwa miaka kumi na zaidi.

Alichojifunza alikieleza kwa mfano rahisi ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuuelewa. Tabibu aliyeugua anaijua afya: anajua maana yake, sababu zake na dawa zake. Hata hivyo, afya yenyewe hana. Na mlevi hajui lolote kuhusu maana ya ulevi, ilhali amelewa chakari. Kuijua afya ni jambo moja, kuwa na afya ni jingine.

Dhoruba baharini

Sasa twende kwa Wakristo. John Wesley alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifunga, aliwazuru wafungwa, na ratiba yake ya sala ilikuwa kali kiasi cha wenzake kumcheka. Mwaka wa 1735 alipanda meli kwenda kuhubiri katika koloni la Georgia, katika nchi ambayo leo ni Marekani.

Mnamo Januari 1736 dhoruba kali iliipiga meli yao. Mawimbi yalifunika sitaha na tanga kuu likapasuka. Waingereza walipiga mayowe. Wesley naye, pamoja na elimu yake yote, aliogopa kufa. Lakini ndani ya meli hiyo mlikuwamo Wakristo kutoka Ujerumani walioitwa Wamoravia. Hao walikuwa wakiimba zaburi, wala hawakukatiza wimbo. Baadaye Wesley alimuuliza mmoja wao kama hawakuogopa. Akajibiwa la. Na je, wanawake na watoto wenu? Akajibiwa kwamba hata wao hawaogopi kufa.

Alipofika Georgia, kiongozi mmoja wa Wamoravia, August Spangenberg, alimuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua yeye ndiye Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, mwenzake akamwambia, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Kasisi wa Oxford akababaika. Alitoa jibu, lakini katika shajara yake alikiri kuwa aliona hofu kwamba yalikuwa maneno matupu.

Wesley alirudi Uingereza mwaka wa 1738 akiwa amevunjika moyo. Usiku wa Mei 24 mwaka huo alikwenda bila hamu kwenye mkutano mdogo katika barabara ya Aldersgate, London, na huko, mtu mmoja alipokuwa akisoma maandishi ya Martin Luther, alihisi joto la ajabu moyoni mwake na hakika kwamba dhambi zake, naam zake yeye, zimesamehewa. Hakujifunza fundisho jipya usiku ule. Alilolijua miaka mingi ndilo aliloliamini. Vuguvugu aliloliongoza baada ya hapo lilizaa Kanisa la Methodisti, ambalo wamishonari wake walifika pwani yetu mwaka wa 1862 na kuweka kituo Ribe, karibu na Mombasa.

Lakini usidhani kwamba kila muumini huhisi joto hilo. Mama Teresa wa Calcutta, aliyefariki mwaka wa 1997, aliacha barua ambazo zilichapishwa mwaka wa 2007. Walimwengu walipigwa na butwaa kusoma kwamba kwa karibu nusu karne mtawa huyu alikuwa akiomba bila kuhisi kwamba Mungu yupo karibu naye. Hata hivyo aliamka kila alfajiri akaenda kuwaosha vidonda wanaokufa. Kama imani ni hisia, basi hakuwa nayo. Kama imani ni kujikabidhi, nani alikuwa nayo kumshinda?

Imani bila macho

Hapa lazima nikutahadharishe, msomaji wangu. Baadhi ya watu wakisikia kwamba kujua si kuamini, hukimbilia kusema basi elimu haina maana, tuamini tu. Kenya imelipa gharama ya fikira hiyo. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi ikiwa ya watoto. Wengi wa marehemu walikuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Mwokozi wao.

Watu wale waliamini. Hilo hakuna awezaye kuwanyima. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni. Lakini walimkabidhi binadamu mwenzao kile ambacho hupaswi kumkabidhi mtu bila kumchunguza.

Na kuchunguza si dhambi. Tomaso alipokataa kusadiki hadi aguse makovu, Yesu alimwambia kwamba wana heri wanaosadiki bila kuona, lakini kwanza alimwonyesha makovu yenyewe. Hakumfukuza. Nabii Ibrahimu, Kurani inasimulia, alimwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kwamba anaamini, ila ataka moyo wake utulie. Akaagizwa kuchukua ndege wanne, kuwaweka juu ya milima mbalimbali na kuwaita, nao wakamjia. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu walikagua Maandiko kila siku ili waone kama aliyohubiri Paulo ni kweli. Nalo neno la kwanza kumshukia Mtume Muhammad lilikuwa amri ya kusoma.

Kwa hivyo mhubiri, shehe au mganga akikukataza kuuliza maswali, toka mbio. Imani ya kweli haiogopi swali.

Mzazi afanye nini?

Nawe mzazi, mtoto akikuambia kwamba anaijua dini lakini haiamini, usikimbilie kiboko. Kiboko kinaweza kumpeleka kanisani au msikitini, hakiwezi kumfikisha. Waliosema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, hawakukosea. Mtoto hujifunza Amri Kumi kwa mwalimu, lakini kuamini hukutazamia wewe: siku unaporudishiwa chenji kupita kiasi dukani, siku unapogombana na baba yake, siku msichana wa kazi anapovunja sahani. Muulize pia ni jambo gani hasa linalomkwaza. Huenda si uvivu.

Yule mama jirani yangu alikuja kwangu jioni ile kuazima pasi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanieleza kwamba hatimaye aliketi kitandani kwa kijana na kumuuliza vizuri. Na kijana akasema lililokuwa likimsumbua tangu baba yake azikwe miaka miwili iliyopita.

"Aliniambia kwamba matangani kila mtu alisema anajua baba yuko mahali pema. Akaniuliza, 'Na wewe Mama, waamini hivyo, au wajua tu?'"

"Ulimjibu nini?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo, akiizungusha waya ya pasi mkononi.

"Nilimwambia ukweli. Kwamba kuna siku naamini, na kuna siku najua tu. Na siku ninayojua tu ndiyo hasa ninayokwenda kanisani."

Jumapili iliyofuata niliwaona wakitoka langoni pamoja, kijana akiwa hatua tatu nyuma, mikono mfukoni. Sijui kama aliamini. Lakini alikuwa akitembea.