Mrabaha wa Mafuta Unaporithiwa: Utata wa Istilahi

Kwa mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya, mrabaha ni fedha ambazo mwandishi hulipwa na mchapishaji kutokana na mauzo ya kitabu chake. Katika sekta ya madini nchini Tanzania, mrabaha ni malipo ambayo serikali huitoza kampuni ya uchimbaji. Katika matumizi yote mawili, msomaji hana shaka ni nani anayelipa na ni nani anayelipwa. Utata huzuka neno hilo linapopelekwa Marekani, hasa katika majimbo ya Texas na Oklahoma, ambako mafuta na gesi iliyo chini ya shamba huweza kuwa mali ya mtu binafsi, ikauzwa, ikagawanywa na kurithiwa mbali na shamba lenyewe.

Hali hiyo ni ngeni kwa sheria ya Kenya. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayahesabu madini na mafuta kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea jamii ya mahali pa uchimbaji asilimia 5 ya sehemu ya faida inayoiendea serikali. Fungu hilo ni la jamii, si la mtu. Mkazi wa Lokichar hawezi kumwachia mwanawe kisima cha mafuta kwa wasia. Ndiyo maana Kiswahili, pamoja na utajiri wake wa msamiati wa mirathi, hakijapata haja ya kutaja urithi wa aina hii. Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Houston na miji mingine ya Texas huenda wakakutana na hati hizi kwa ndoa, kwa ununuzi wa ardhi au kazini.

Kikwazo cha kwanza ni neno la Kiingereza linalotaja haki zote za namna hii, kwani neno hilo hilo humaanisha pia riba ya benki. Mtafsiri asiye mwangalifu anaweza kuandika "riba ya mrabaha", maneno yasiyo na maana yoyote. Neno *fungu*, lililokwisha kuzoeleka katika mirathi ya Kiislamu, linafaa zaidi.

Mafungu yenyewe hayalingani. Mwenye *milki ya madini* ndiye anayeweza kutia saini mkataba na kampuni ya uchimbaji. Hupokea bonasi ya kutia saini, kisha mrabaha mafuta yakipatikana. Yuko mrithi mwingine ambaye hana kauli katika mkataba wala hapati bonasi, bali husubiri tu mgawo wake wa mafuta yanayotoka. Haki yake yaweza kuitwa *mrabaha bila kauli*. Aina ya tatu hukatwa katika fungu la kampuni iliyokodisha, na mkataba ukikoma nayo hufa. Kuiita "mrabaha wa juu" kwa kufuata Kiingereza ni kupotosha, kwa kuwa msomaji atadhani kiwango chake ni kikubwa. *Mrabaha tegemezi* ni istilahi iliyo wazi zaidi. La nne si mrabaha kabisa. *Fungu la uendeshaji* humpa mwenyewe sehemu ya mauzo, lakini humtwika gharama za kuchimba na hata za kukifunga kisima kilichokauka. Mrithi aliyeambiwa kwamba amerithi "mrabaha", kumbe ni fungu la uendeshaji, atapokea ankara mahali alipotarajia hundi.

Fungu la mrithi huandikwa kwa desimali katika *hati ya mgawanyo*, ambayo kampuni humtaka aitie saini kabla ya malipo. Tuseme babu alikuwa na milki ya madini ya ekari 160 katika eneo la uchimbaji la ekari 640. Watoto wake wanne walipata ekari 40 kila mmoja, na mmoja wao akawaachia wanawe wawili ekari 20 kila mmoja. Kiwango cha mrabaha kikiwa 1/8, mjukuu ana 20/640 mara 1/8, yaani 0.00390625. Mafuta ya dola milioni 1 yatampa dola 3,906.25, kabla ya kodi na makato.

Hiyo 1/8 ina historia. Ilikuwa kiwango cha kawaida kwa muda mrefu hata wengi wakaichukulia kuwa haitabadilika, na baadhi ya wenye mashamba waliamini kwamba wakishakodisha hubakiwa na 1/8 tu ya madini yao. Mwaka 1924 wauzaji wa shamba moja huko Texas walijiwekea "nusu ya moja ya nane" ya madini. Kihesabu, hiyo ni 1/16. Lakini mwaka 2023, katika kesi ya Van Dyke dhidi ya Navigator Group, Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba katika hati ya wakati ule "moja ya nane" ilisimama badala ya madini yote. Waliorithi haki za wauzaji wakawa na nusu nzima, mara nane ya kile ambacho hesabu ingewapa. Mtafsiri wa hati kama hiyo hana budi kuandika "nusu ya moja ya nane" kama yalivyo maneno ya hati, na kuacha kuyafupisha kuwa 1/16.