Picha Isiyo na Umbo Si Upuzi

Nimewasikia wazazi wengi, na walimu pia, wakiitazama picha ya kidhahania na kuuliza kwa dharau, "Hii ni nini?" Humtafuta ng'ombe, mtumbwi au uso wa mtu, wasipoviona, huamua kwamba mchoraji hakuijua kazi yake, au kwamba anawahadaa matajiri wanaonunua karatasi iliyopakwa rangi. Swali hilo linastahili kujibiwa sasa. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi anayeingia sekondari pevu ana ruhusa ya kuchagua mkondo wa sanaa na michezo, na mtoto wa Muhoroni atakayeuchagua atahitaji mzazi na mwalimu ambao hawatamcheka.

Kwanza, tuitupilie mbali dhana kwamba sanaa hii ni ya kigeni. Katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Viktoria, kuna michoro ya kale iliyopakwa kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga. Ni duara ndani ya duara, mizunguko na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa jamii ya Watwa, na simulizi za wenyeji huitaja pamoja na ibada za mvua. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyesifiwa Ulaya katika miaka ya 1910 kwa kuchora picha zisizoiga kitu chochote, alizaliwa 1866, wakati michoro hiyo ilikuwa tayari mikongwe. Iweje basi tulichoachiwa na wakazi wa kale wa ziwa letu tukiite kiini macho cha Wazungu?

Pili, tuitazame kazi yenyewe. Chukua mfano wa picha ya guashi juu ya karatasi. Guashi ni rangi ya maji iliyo nzito: unga wa rangi huchanganywa na gundi ya mgunga, na mara nyingi huongezwa chaki nyeupe. Rangi ya maji ya kawaida huacha weupe wa karatasi uonekane, lakini guashi huufunika. Ikikauka haing'ai, na tena hubadilika: rangi hafifu huelekea kukolea, na iliyokolea hupauka kidogo. Ukiirudia kwa brashi yenye maji mengi, tabaka la chini huyeyuka na kuchafua la juu. Kwa hiyo mchoraji hana budi kukadiria mapema, na kuiweka rangi mahali pake kwa mkono usiositasita. Kwa kuwa hana umbo la ng'ombe la kumficha, kila kosa la uwiano huonekana wazi. Anayedhani ni mchezo wa watoto na ajaribu.

Mwalimu ataniuliza: vifaa viko wapi? Namjibu kwa mfano wa mwalimu mwenzake. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru 1928, alisomea sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipostaafu na kuirudia sanaa, rangi zilikuwa ghali mno kwake. Akachukua karatasi za kufungia sabuni na unga, akazikatakata, akazibandika hadi zikawa picha. Picha zake zilikuwa za watu na wanyama, si za kidhahania, lakini funzo ni lile lile: karatasi si kitu duni. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum, Harlem, New York. Aliaga dunia 2021. Sisi wa Muhoroni, tuliozungukwa na mashamba ya miwa, tukumbuke pia kwamba nchini India kuna viwanda vinavyotengeneza karatasi kwa makapi ya miwa.

Tatu, mkusanyaji hununua nini hasa? Hununua kazi iliyo moja tu duniani, yenye sahihi, tarehe na historia inayojulikana, na iliyotunzwa vyema. Haya ni mambo ya kufundishwa darasani. Karatasi ya bei nafuu ina asidi, nayo hugeuka manjano na kuvunjika. Ya pamba hudumu. Jua hufifisha rangi, na unyevu kama wa kandokando ya ziwa huleta ukungu. Picha ya guashi iwekwe nyuma ya kioo, lakini isigusane nacho.

Jambo linalonitia wasiwasi ni hili: tusipojifunza kuzithamini kazi hizi, wengine watazithamini na kuzichukua. Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka wa 1966, alikusanya sanaa ya Afrika kwa miaka mingi, kisha akaiuzia serikali ya Kenya badala ya kuiacha iende ng'ambo. Alitumaini kwamba nyumba yake ya Muthaiga ingekuwa kituo cha masomo. Nyumba ile ilibomolewa. Murumbi alifariki 1990, na sehemu ya hazina yake leo imo katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Nairobi. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake huko atakuwa amewafunza mambo mawili: kwamba Mwafrika anaweza kuwa mkusanyaji, na kwamba jamii isiyojua thamani ya kitu hukibomoa.

Simwombi mzazi aipende kila picha ya kidhahania; zipo mbovu, kama yalivyo mashairi mabovu. Namwomba aulize swali lililo bora zaidi. Badala ya "Hii ni nini?" amwulize mwanawe, "Kwa nini umeiweka nyekundu hapa, na kwa nini pale umepaacha patupu?" Mtoto akiweza kujibu, basi amejifunza kufikiri. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu uko Mfangano, na tusipowafunza watoto kuusoma, watakuja wageni kuwauzia.