UZI: Ambulensi ngapi? Hilo si swali la kwanza

1/ Kila msimu wa siasa lazima mdahalo huu urudi. Mmoja anasema, "Tumewanunulia ambulensi." Mwingine anajibu, "Ziko wapi? Zimeegeshwa, hazina hata mafuta." Sisi nasi huku mitandaoni tunarushiana picha za magari mpaka usiku wa manane.

Mimi nafanya kazi upande ambao haupigwi picha. Napokea simu za dharura na kutuma magari, kwenye chumba cha kaunti moja. Leo nataka tuzichambue hizi hoja moja moja. Kama kawaida yetu hapa, hakuna jina la mtu wala chama.

2/ Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watu huchanganyana.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu ya dharura yanaanza kabla ya kufika hospitali. Kwa hivyo ambulensi si zawadi ya mheshimiwa yeyote. Ukiiomba, unadai haki yako.

3/ Sasa, ni nani anayepaswa kuileta?

Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za ambulensi chini ya kaunti. Zimamoto pia ni kaunti. Polisi ni serikali ya kitaifa. Hospitali kubwa za rufaa za kitaifa pia ni serikali ya kitaifa.

Ajali moja ya matatu, basi, tayari imegusa serikali mbili. Ndio maana kwenye mdahalo kila mtu hupata mahali pa kumsukumia mwenzake lawama.

4/ Na wewe uliyeko pale barabarani unapiga namba gani? 999 na 112 zinapokewa na polisi. Kaunti nyingi nazo zina namba zao, na huwezi kujua ya kila kaunti unayopita ukisafiri kutoka Mombasa hadi Busia.

Nimepokea watu ambao mimi ni simu yao ya tatu. Hao wengine hawakukosea, kila mmoja alimpa namba ya mwingine. Lakini dakika zinahesabika. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6.

5/ HOJA YA KWANZA: "Tuna ambulensi za kutosha."

Piga hesabu nami. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 42, kiti kimoja kinahitaji watu wanne ili kisikae wazi. Ongeza likizo, ugonjwa na masomo, sema watano.

Ambulensi moja ina viti viwili vya kazi: dereva na mhudumu wa dharura. Hapo ni watu kumi kwa gari moja, mchana na usiku. Magari kumi, watu mia moja. Ukisikia mtu anajivunia magari kumi, muulize kwa heshima: mheshimiwa, umeajiri watu wangapi?

6/ Gari lenye king'ora lakini halina mhudumu aliyefunzwa ni teksi ya kelele. Litakufikisha, ndiyo. Lakini njiani hakuna wa kukufungulia njia ya hewa, wala wa kuzuia damu.

7/ HOJA YA PILI: "Watu wetu hulala kazini, ndio maana magari yanachelewa."

Wako wanaolala, siwatetei. Lakini fuata safari moja ya kawaida ya mashambani. Kwenda dakika 40. Kumhudumia na kumpakia 15. Kurudi 40. Kungoja hospitali impokee mgonjwa 30. Kusafisha gari 10. Jumla saa mbili na robo. Gari hilo kwa zamu ya saa 12 haliwezi kumaliza safari sita, hata dereva asipofumba macho.

8/ Hizo dakika 30 za kungoja ndizo zinazoniumiza kichwa. Wakati mwingine hospitali haina kitanda, basi mgonjwa anabaki kwenye machela yetu. Machela yakibaki, gari limebaki.

Wengi mnakumbuka Oktoba 2015, majeruhi aliyezungushwa Nairobi saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na mwishowe akafariki. Ambulensi ilikuwepo, na wahudumu walikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda. Kwa hivyo anayekuahidi ambulensi bila kutaja vitanda amekupa nusu ya jibu.

9/ HOJA YA TATU: "Hawa wa simu wanauliza maswali mengi badala ya kutuma gari."

Hii naisikia kila siku, hata kutoka kwa mpigaji mwenyewe: "Madam, wacha maswali, leta gari!" Namwelewa, mtu wake anakufa.

Ukweli ni kwamba nikishajua uko wapi na kuna nini, gari linaanza kutoka wakati bado tunaongea. Maswali mengine ni ya kukusaidia wewe uliye pale. Anapumua? Anaitika ukimwita? Damu inatoka kwa kasi gani? Majibu yako ndiyo yanayoniambia nikufundishe nini kabla gari halijafika.

10/ Mtu mzima akianguka, haitiki, na hapumui kawaida, nitakuambia: mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nitahesabu nawe. Usikate simu.

Mikono yako ndiyo ambulensi ya kwanza. Ya kwetu ni ya pili.

11/ Swali gumu kuliko yote ni "Uko wapi?" Vijiji vyetu vingi havina majina ya barabara wala namba za nyumba, na skrini yangu haioneshi simu yako iko wapi. Naambiwa, "Niko hapa kwa Mama Njeri." Akina Mama Njeri ni wengi.

Kinachosaidia ni shule, kanisa au msikiti, posho mill, mnara wa simu, stesheni ya mafuta. Nitakuomba pia umtume mtu wa boda asimame barabarani alipokee gari na kuliongoza. Kuwapa barabara na nyumba majina na namba haivutii kwenye mkutano wa hadhara, lakini inaokoa maisha. Mgombea wa wadi yako ameitaja?

12/ HOJA YA NNE: "Huyo mgonjwa si wa kaunti yetu."

Mfikirie mama aliyejifungua nyumbani, ng'ambo ya mto, na damu haikomi. Mama wa namna hiyo anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Gari la karibu liko kwa jirani, dakika 15. Gari la kaunti yake liko saa nzima.

Nani atatuma? Nani atalipia mafuta? Nyanya anayenipigia hajui mpaka uko wapi, na hapaswi kujua. "Mwanangu, nisaidie, mtoto wangu anaisha." Hapo unapiga simu kwa mwenzako wa upande wa pili, na unategemea utu wake, kwa sababu hakuna makubaliano yaliyoandikwa.

13/ Ilhali Katiba imeruhusu. Kifungu cha 189 kinazitaka kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kwa hivyo anayekuambia sheria inamfunga mikono, mwombe akuoneshe kifungu.

14/ HOJA YA TANO: "Bima mpya italipia."

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu, na moja ni ya dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi. Ni hatua. Lakini kulipia matibabu ni jambo moja, na kuwa na mtu macho saa tisa usiku wa kushika simu yako ni jingine. Mtu huyo anaandikwa kwenye bajeti ya mishahara ya kaunti. Asipoandikwa, hayuko.

15/ Na sisi wananchi tuna sehemu yetu. Watoto wakicheza na simu wakapiga namba ya dharura, laini imeshikwa. Watu wazima pia hupiga kutukana, au kuomba namba ya mtu. Hatuwezi kupuuza, maana hata anayenyamaza huenda amejificha kwa mume anayempiga. Kila simu tunaishika mpaka tujue.

16/ Basi mdahalo ujao, waulizeni hivi:

- Ambulensi zinazofanya kazi usiku ni ngapi, na wahudumu waliofunzwa ni wangapi?
- Nani anapokea simu, na chumba hicho kina watu wangapi kwa zamu?
- Kutoka simu kushikwa hadi gari kufika huchukua muda gani, na takwimu hizo zinachapishwa wapi?
- Kuna makubaliano yaliyosainiwa na kaunti jirani?
- Mafuta na matengenezo yametengewa shilingi ngapi?

17/ Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nenda, au mtume mtu. Sentensi moja kwenye karatasi ya maoni, "tunataka wapokeaji simu wa dharura waajiriwe," ina uzito kuliko picha mia za gari jipya.

18/ Kama unajua namba ya dharura ya kaunti yako na umewahi kuijaribu ukiwa na shida ya kweli, iandike hapo chini pamoja na jina la kaunti, na useme kama ilishikwa. Tafadhali usiipige sasa hivi ili kuijaribu. Kuna mtu anaihitaji.