Ukilikwaruza gari la mwenzako: Dhambi huondolewa, deni hubaki

 

Ndugu yangu Muislamu, leo tukumbushane jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa dogo, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu si dogo: kuiharibu mali ya mtu bila ya kukusudia, na mwenyewe hayupo.

Tuchukue mfano wa pale Makanya, wilayani Same, mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, baina ya Hedaru na Same mjini. Magari madogo huegeshwa kando ya barabara, wenyewe wakashuka kununua mahitaji, kula au kuswali. Hapo hapo hupita bodaboda, baiskeli, mikokoteni, malori yaliyobeba jasi ya viwanda vya saruji, na mbuzi wanaorejea kutoka malishoni. Sasa mwendesha bodaboda anamkwepa mtoto, na mpini wa pikipiki yake unalikwaruza gari lililoegeshwa na kukivunja kioo chake cha pembeni. Anatazama kulia na kushoto: mwenye gari hayupo na aliyeona hakuna. Anajua kuwa kioo kile kitamaliza pato lake la siku kadhaa. Nafsi yake inamwambia: "Hukukusudia. Nenda zako."

Nafsi hiyo imesema maneno mawili. La kwanza ni kweli, na la pili ni batili. Tatizo letu ni kuwa la kwanza tumelifanya kuwa hoja ya la pili.

Kutokukusudia huondoa nini?

Ni kweli kwamba asiyekusudia hana dhambi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (R.A.) na kuandikwa na Ibn Maja na wengineo, ametufahamisha kuwa umma wake umesamehewa yale unayoyafanya kwa kukosea, kwa kusahau na kwa kulazimishwa. Hii ni rehema kubwa. Lakini wanavyuoni wamebainisha kuwa kinachosamehewa hapo ni dhambi, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu. Ama mali iliyoharibika ni haki ya mja, na haki ya mja haiondoki mpaka ilipwe au mwenyewe asamehe.

Dalili iliyo wazi ni aya ya 92 ya Suratun-Nisaa. Hapo Mwenyezi Mungu anazungumzia mtu aliyemuua muumini kwa bahati mbaya. Hakukusudia, na hata hivyo amewekewa kafara, na diya ikabidhiwe kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waiache kwa kuifanya sadaka. Zingatia hapo, ndugu msomaji. Mlango wa msamaha upo, lakini ufunguo wake wamepewa waliopatwa na hasara. Aliyesababisha hasara hakupewa ruhusa ya kujisamehe mwenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo katika roho ya mtu, basi hata katika kioo na rangi ya gari msingi ni huo huo.

Chombo kwa chombo

Ipo hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke wake mwingine akamtuma mtumishi alete chakula katika bakuli. Mwenye nyumba akaingiwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume (S.A.W.) aliviokota vipande, akakikusanya chakula, na akawaambia waliokuwepo kuwa mama yao ameingiwa na wivu. Hakumfedhehesha mkewe wala hakumpigia kelele. Lakini pia hakulipuuza lile bakuli. Alimzuia mtumishi mpaka likaletwa bakuli zima la nyumba ile, akampa alirejeshe kwa mwenyewe, na lile lililovunjika likabaki pale lilipovunjikia. Katika mapokezi ya Tirmidhi imeelezwa kuwa aliweka wazi kwamba chakula hulipwa kwa chakula, na chombo kwa chombo.

Tazama jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoyakusanya mambo mawili tunayoyatenganisha sisi: upole kwa aliyekosea, na haki kamili kwa aliyepata hasara. Upole haukuifuta fidia, na fidia haikuhitaji matusi.

Kutokana na dalili kama hizi, mafaqihi waliweka kanuni. Katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotolewa baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, kifungu cha 92 kinaeleza kuwa anayeharibu kwa kitendo chake mwenyewe ni mdhamini hata kama hakukusudia. Kifungu cha 93 kinaeleza kuwa aliye sababu ya mbali hadhamini mpaka iwe amekusudia. Nasi tunaofuata madhehebu ya Shafii tunaikuta hukumu ya kudhamini mali iliyoharibiwa katika mlango wa ghasbu, katika vitabu kama Minhaaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria.

Mbuzi, mtoto na pikipiki ya watu

Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa asili ya jambo hili. Tangu enzi za mababu wamegawana maji ya ndiva na mifereji kwa zamu, na mifugo yao imepita kando ya mashamba ya wenzao. Wanajua kuwa mnyama akila mahindi ya jirani, watu hukaa na kuzungumza. Qur'ani nayo, katika Suratul-Anbiyaa aya ya 78 na 79, inatukumbusha hukumu ya Mtume Daud na Mtume Suleiman (A.S.) juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wamesimulia kuwa Daud (A.S.) aliona kondoo wapewe mwenye shamba. Suleiman (A.S.) akaona mwenye shamba awachukue kwa muda, anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe mali yake. Lengo lilikuwa kuirejesha hali ya mwenye kudhulumika bila ya kumfilisi aliyesababisha.

Na ngamia wa Al-Baraa bin Azib (R.A.) alipoingia katika bustani ya watu na kuiharibu, Mtume (S.A.W.) alihukumu, kama ilivyopokewa na Imamu Malik na Abu Daud, kuwa mchana wenye bustani wazilinde, na usiku wenye mifugo wawajibike kwa kile walichoharibu mifugo yao. Ama mchungaji aliyefuatana na mbuzi wake, nao wakalikwaruza gari kwa pembe, madhehebu ya Shafii yanamdhaminisha yeye, kwa sababu walikuwa mkononi mwake.

Vipi mtoto akirusha jiwe au mpira ukavunja taa? Mtoto hana dhambi, lakini hasara haipotei hewani. Mafaqihi wamesema fidia hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe kama anayo, na mlezi ndiye huitoa kwa niaba yake. Naye mzazi aliyezembea ana lawama yake. Katika maisha yetu mtoto hana mali, hivyo ni uungwana na ni malezi baba akilipa. Amshike mkono mwanawe, waende pamoja kwa mwenye gari, na mtoto asikie baba yake akisema: "Mwanangu ameharibu, nimekuja tuzungumze." Somo hilo halitamtoka. Ama mzazi anayemvuta mtoto ndani na kufunga mlango, naye amefundisha, lakini amefundisha kukimbia.

Na mwendesha bodaboda asiseme, "Pikipiki si yangu, amfuate tajiri." Aliyegonga ni yeye, si tajiri anayempelekea hesabu jioni. Labda kama tajiri alijua breki ni mbovu na akamlazimisha aingie barabarani. Hapo tajiri naye amejiingiza. Vile vile, gari likiwa limeegeshwa vibaya hata likaziba njia, lawama hugawanyika, na wazee wenye busara waipime. Lakini hilo ni jambo la kuzungumza na mwenye gari, halimpi mtu ruhusa ya kuondoka kimya kimya.

Alipe kiasi gani, na kwa nani?

Kinacholipwa ni kilichoharibika. Kioo kikivunjika, kiletwe kioo mfano wake. Rangi ikikwaruzika, ilipwe gharama ya fundi ya kuirejesha ilivyokuwa. Haifai mwenye gari kudai bampa jipya kwa mkwaruzo mmoja, wala kumbebesha mtu makovu ya miaka iliyopita. Kuchukua zaidi ya haki ni kula mali ya watu kwa batili, na hilo limekatazwa katika aya ya 188 ya Suratul-Baqara. Bora pande mbili ziende kwa fundi mmoja wanayemwamini, wasikie bei pamoja. Kama bima ya chombo chako inagharimia uharibifu wa mali ya mwingine, itumie, lakini andika ukweli katika fomu.

Mwenye gari asipoonekana, msubiri kwa kadiri ya uwezo wako na uulize madukani na msikitini. Ukilazimika kuondoka, andika jina na namba ya simu, ukibane kikaratasi chini ya waipa, na umwachie habari mtu wa jirani. Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na hapo: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na ajitambulishe.

Na ikiwa ulikimbia miaka iliyopita, na mwenyewe humjui tena? Mtafute kwanza. Ukikata tamaa kabisa, itoe thamani ile sadaka kwa niaba yake, huku ukinuia kumlipa akitokea. Imepokewa kuwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alipopotelewa na mtu aliyemuuzia mjakazi kabla ya kumlipa, alimtafuta mwaka mzima, kisha akawapa maskini ile thamani kwa niaba ya mwenyewe.

Wewe mwenye gari

Watani wa Wapare huwasema kuwa wako radhi kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Huo ni utani wa watu na ndugu zao, lakini una somo kwetu sote. Mtu aliyekuja mwenyewe kukuambia, "Nimelikwaruza gari lako," amekuletea amana ambayo angeweza kuificha. Usimlipe kwa kumkusanyia watu. Tukimtukana mkweli, tunamfundisha anayetazama kuwa kukimbia ni akili.

Akiwa hana kitu, aya ya 280 ya Suratul-Baqara inatuamrisha kumpa muda mwenye dhiki, na inatufahamisha kuwa kumwachia kabisa ni bora kwetu. Mpangie alipe kidogo kidogo, au msamehe kwa ajili ya Allah. Na hapa ndipo ubaya wa kukimbia unapodhihirika. Pengine mwenye gari yule angesamehe, akaandikiwa sadaka, nawe ukatoka huna deni. Ulipokimbia ulimnyima fidia yake, ukamnyima na thawabu za kusamehe.

Wala asidhani mtu kuwa hukumu hii ni kwa gari la Muislamu tu. Katika milima ya Upare, ukoo mmoja huwa na Waislamu, Walutheri na Waadventista Wasabato, na siku ya msiba huchimba kaburi pamoja. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Daud, ameahidi kuwa yeye mwenyewe atasimama Siku ya Kiyama kumtetea asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi, dhidi ya Muislamu aliyemdhulumu. Nani kati yetu angependa Mtume wake awe mdai wake?

Deni lisilofutika

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake ni nani aliyefilisika. Wakamtaja asiye na fedha wala mali. Akawafahamisha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule. Watapewa hawa katika mema yake, na yakimalizika kabla ya madeni, atabebeshwa madhambi yao. Kioo ambacho leo kingelipwa kwa pato la siku kadhaa, siku hiyo kitalipwa kwa swala ulizoziamkia alfajiri.

Kwa hiyo tulipe huku fedha zingali na thamani, na tuwafundishe watoto wetu kusimama pale walipoharibu, hata kama hakuna aliyewaona; maana Allah (S.W.T.) ameona. Tunamuomba atujaalie tutoke duniani hatudaiwi haki ya mja yeyote, na atupe nyoyo za kusamehe tunaowadai. Amin.

Wallaahu a'alam.