Tangazo la mnada likibandikwa mlangoni, familia ifanye nini?

Baba anarudi shambani jioni na kukuta karatasi yenye mhuri wa mahakama imebandikwa mlangoni. Anaibandua, anaikunja na kuitia mfukoni. Mama na watoto hawaambiwi kitu, hadi asubuhi dalali wa mahakama anapofika na wanunuzi.

Hali hiyo inaweza kuikuta familia yoyote, iwe ya mkulima wa Ikinga wilayani Ileje au ya mfanyabiashara wa mpakani Tunduma. Deni la mbolea au la mtaji linaweza kufika mahakamani, mdai akashinda, kisha akaomba kukaza hukumu kwa kuuza mali ya mdaiwa.

Kinachoiumiza zaidi familia ni ukimya, kwa sababu sheria inatoa nafasi kadhaa za kuokoa mali na kila nafasi ina muda wake.

Mali zisizouzwa

Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, inataja mali ambazo haziwezi kukamatwa ili kulipa deni la kawaida. Miongoni mwake ni nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za fundi.

Pia imo nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea, pamoja na shamba la mdaiwa ambaye maisha yake yote yanategemea shamba hilo.

Lakini mdaiwa asibweteke. Nyumba aliyoiweka rehani kwa mkopeshaji haina kinga hiyo. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama anayepewa fomu ya benki asaini, aisome kwanza.

Siku 30 kabla ya mnada

Nyumba au ardhi haiuzwi siku inapokamatwa. Bila mdaiwa kukubali kwa maandishi, mnada haufanyiki hadi zipite angalau siku 30 tangu tangazo libandikwe mahakamani. Kwa mali zinazohamishika ni siku 15.

Ndani ya muda huo, familia inaweza kuzungumza na mdai. Akikubali, mahakama inaweza kuruhusu deni lilipwe kwa awamu.

Kama mali iliyokamatwa ni ya mtu mwingine, kwa mfano kiwanja cha mama au cha mdogo wake baba, mwenye mali apeleke pingamizi mahakamani mapema, akiwa na hati au ushahidi wa umiliki.

Hata siku ya mnada, deni na gharama zikilipwa kabla nyundo haijagongwa, mnada husimamishwa.

Siku ya mnada

Mnada hufanyika hadharani. Mdai haruhusiwi kununua bila kibali cha mahakama, na anayesimamia mnada haruhusiwi kabisa kujinunulia.

Mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na kumalizia ndani ya siku 15. Tuseme deni ni Sh4 milioni na nyumba ya kupangisha imeuzwa Sh20 milioni. Mnunuzi atatoa Sh5 milioni siku hiyo, na kinachobaki baada ya deni na gharama kulipwa ni haki ya mdaiwa. Familia ikifuatilie.

Nyundo ikishagongwa

Bado kuna mlango mmoja. Ndani ya siku 30, mdaiwa anaweza kuomba mauzo yafutwe kwa kuweka mahakamani deni lililotajwa kwenye tangazo, pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi. Katika mfano wetu, asilimia hiyo ni Sh1 milioni.

Anaweza pia kuomba mauzo yafutwe kwa sababu ya udanganyifu au utaratibu kukiukwa, ila lazima aonyeshe kuwa amepata hasara kubwa kwa sababu hiyo. Muda ukipita bila ombi, mahakama huthibitisha mauzo na mnunuzi hupewa hati yake.

Pa kuanzia

Karatasi ikifika, baba na mama waisome pamoja, waandike namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya mnada, kisha waende kwa karani wa mahakama hiyo. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, hivyo waulize muda unaowahusu.

Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya kijiji au ya ustawi wa jamii inaweza kumwelekeza kwa msaidizi wa kisheria.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Karatasi iliyofichwa mfukoni haisimamishi siku kuhesabika, na watoto wanaolala chini ya paa hilo ndio watakaoamshwa na kengele ya dalali.