Damu Iliyo Safarini

Alfajiri katika pwani ya Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, wavuvi huteremsha dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Dagaa hao huanikwa mara jua litokapo. Wakisha kukauka hutiwa katika magunia na kupelekwa mbali, hata Dar es Salaam, nao hukaa siku nyingi bila kuharibika. Lakini mgebuka mbichi hangoji. Akichelewa kidogo, pua ya mnunuzi hutoa hukumu.

Pwani hiyo hiyo hufika mashua za abiria kutoka vijiji vya ziwani. Pengine ndani yake mna kisanduku chenye chupa za damu ya wagonjwa, kiendacho kupimwa katika maabara ya hospitali mjini. Kijiji kama Kalya kiko kusini sana, ng'ambo ya milima ya Mahale, na safari yake ni ya saa nyingi. Tena upepo ukivuma kwa nguvu, nahodha hana budi kungoja. Damu nayo huharibika njiani kama samaki, walakini hainuki, wala rangi yake haibadiliki upesi. Mtu aweza kuipima, akapata jibu lililoandikwa vizuri kwa tarakimu, na jibu hilo lisiwe la kweli.

Sababu yake ni nini? Watu wengi hudhani kuwa damu ikisha kutoka mwilini imekufa. Sivyo. Katika tone dogo kama kichwa cha pini mna chembe nyekundu milioni kadha wa kadha, nazo zikiwa ndani ya chupa huendelea kuishi na kula. Chakula chake ni sukari iliyomo katika maji ya damu. Mwilini sukari ikipungua, ini hutoa akiba yake, na mtu hula tena. Chupani hakuna ini wala chakula. Damu ikiachwa mezani, kila saa chembe hula kadiri ya sehemu 5 hata 7 katika kila 100 za sukari iliyopo, na penye joto hula zaidi.

Chukua mfano wa mzee aliyetolewa damu asubuhi kabla ya kula, na sukari yake ilikuwa ya kipimo cha 8. Kwa desturi ya madaktari, mtu asiyekula usiku kucha akionekana na kipimo cha 7 au zaidi, hushukiwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Chupa ikikaa mashuani saa tano, kipimo chaweza kushuka hata chini ya 6. Mpimaji atasoma kwa uaminifu yale ayaonayo, na mzee ataambiwa kwamba hana neno. Atarudi kwake, na ugonjwa utaendelea kumharibu macho na figo polepole. Mpimaji hakukosea, sukari ililiwa njiani.

Ziko chupa zenye kifuniko cha kijivu, ambazo ndani yake mmetiwa dawa ya floridi ili kuzuia chembe zisile sukari. Dawa hiyo yafaa, ila haifanyi kazi mara moja; chembe huendelea kula kwa muda wa saa moja au zaidi kabla ya kuacha. Barafu husaidia. Hata hivyo tone la kidole likipimwa papo hapo zahanati huweza kumfaa mgonjwa kuliko chupa nzima iliyosafiri.

Hapo mwanafunzi atasema: Basi, damu yote na iwekwe katika barafu. La, mambo si mepesi hivyo. Ndani ya chembe nyekundu mna chumvi iitwayo potasiamu, ambayo yazidi ile ya nje kwa zaidi ya mara 20. Chumvi hiyo hutoroka daima, na chembe huirudisha ndani daima, kama mchungaji arudishaye mbuzi zizini. Kazi hiyo yataka joto. Penye baridi mchungaji hufa ganzi, na mbuzi hutoka. Damu iliyolala katika jokofu usiku kucha, chembe zake zikiwamo, huonekana kuwa na potasiamu nyingi mno. Potasiamu ikizidi kwa kweli mwilini huweza kusimamisha moyo, kwa hiyo daktari asiyejua habari ya lile jokofu aweza kuhangaika na kumpa dawa kali mtu asiye na shida hiyo. Mtikisiko nao huzipasua chembe na kuimwaga chumvi yake, na mashua katika mawimbi hutikisika sana.

Njia iliyo salama zaidi ni kuizungusha damu mapema kwa mashine, chembe zikashuka chini na maji yake ya rangi ya manjano yakabaki juu, kisha kuyatenga. Chembe zikisha kuondolewa, hakuna tena wa kula sukari wala wa kumwaga chumvi. Lakini mashine hiyo yahitaji umeme na mtu aliyefundishwa.

Vijidudu vya magonjwa navyo vina saa zake. Katika nchi za Kasulu na Kibondo umejulikana ugonjwa wa malale. Kijidudu chake hutambulikana kwa hadubini kwa kuwa hujinyonganyonga na kuzisukuma chembe. Kikisha kufa, ni vigumu kukiona, hivyo damu yapasa kutazamwa ingali mbichi. Katika malaria liko jambo la ajabu. Damu ikitoka mwilini na kupoa, baadhi ya vijidudu hufanya kana kwamba vimefika tumboni mwa mbu, vikatoa nyuzi zinazochezacheza. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliziona nyuzi hizo huko Algeria tarehe 6 Novemba 1880, akajua kwamba akitazamacho ni kiumbe hai. Kukawia kidogo kulimfaa yeye. Mpimaji wa leo hakumfai, maana vijidudu vikikaa chupani hubadilika umbo. Kwa hiyo hupaka damu kwenye kioo mapema.

Iko njia nyingine ifananayo na ile ya dagaa. Matone ya damu hudondoshwa juu ya karatasi nene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yakaachwa yakauke kwa saa kadhaa. Ila hayaanikwi juani, maana jua huyaharibu; hukaushwa kivulini, kisha karatasi hutiwa katika mfuko pamoja na vipakiti vinyonyavyo unyevu. Robert Guthrie wa Marekani aliieneza njia hii katika miaka ya 1960 kwa kuwapima watoto wachanga. Damu iliyokauka haifai kwa kila kipimo, lakini virusi vya UKIMWI huweza kutafutwa ndani yake hata baada ya majuma kadhaa.

Kipimo hicho hutakiwa kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hivyo. Kipimo cha kawaida hakimtoshi, kwa kuwa hutazama kinga, na kinga ya mama huweza kukaa katika damu ya mtoto hata miezi 18, ijapokuwa mtoto mwenyewe hana virusi. Basi yapasa kuvitafuta virusi vyenyewe, nayo ni kazi ya mashine za maabara kubwa. Kwa miaka mingi makaratasi ya namna hiyo kutoka mikoa ya magharibi yalipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na majibu yakarudi kwa njia ile ile ndefu.

Hapo damu yaweza kungoja, ila mtoto hawezi. Karibu nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hivyo, wasipopewa dawa, hufa kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wao katika miezi ya kwanza. Kwa hiyo huandikwa tarehe ya kutoa damu, tarehe ya kuipeleka, na tarehe ya jibu kumfikia mama. Katika vijiji ambavyo mashua haiji kila siku, nafasi ya tatu ndiyo ikaayo tupu kwa muda mrefu.